Keki za kukata na kashata za kugawana: maswali yanayojirudia kwa waokaji wa nyumbani Tabora

Hapa kuna maswali yanayoulizwa tena na tena na watu wa Tabora wanaooka nyumbani kwa ajili ya wengine: majirani, wanakwaya, wanavikoba, watoto wa shule, wageni wa Idi na wa Krismasi. Majibu yamezingatia jiko la mkaa, asali ya kwetu na joto la kwetu. Jambo moja utalikuta karibu kila mahali: kipande cha kugawana huchaguliwa kwa kumfikiria atakayekila na safari kitakayokwenda, kabla hata hujapima unga.

## Kwa anayeanza

Vipande vya kugawana ni vitu gani hasa?

Ni kitamu chochote kinachookwa au kumiminwa kwenye trei moja, kikaachwa kipoe, kisha kikakatwa vipande vinavyolingana vya kuliwa kwa mkono, bila sahani wala uma. Kwa huku kwetu viko vya aina tatu. Kuna keki ya trei, ambayo ni laini na huumuka. Kuna biskuti ya trei, yaani unga uliosuguliwa na majarini ukashindiliwa chini, wenyewe tu au ukiwa na maembe au karanga juu yake. Na kuna kashata, ambazo haziokwi kabisa. Hupikwa kwa shira na kumiminwa.

Faida yake kwa mtu mwenye watu wengi ni kwamba huhitaji kupamba. Trei moja hulisha watu ishirini na zaidi, na kila mmoja hupata sawa na mwenzake.

Nianze na kipi?

Anza na keki ya trei ya asali. Inavumilia moto usiotulia, na siku ya pili huwa tamu kuliko siku ya kwanza. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 30 utahitaji:

- unga wa ngano vikombe 2½
- asali robo tatu ya kikombe
- majarini gramu 150
- mayai 3
- maziwa nusu kikombe
- beking pauda vijiko 2 vya chai
- magadi soda robo kijiko cha chai
- iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, na chumvi kidogo

Yeyusha majarini pamoja na asali kwenye moto mdogo, bila kuchemsha, kisha ipue ipoe mpaka kidole kivumilie. Piga mayai na maziwa, changanya na ile asali. Chekecha vitu vikavu juu yake na ukoroge mpaka unga usionekane tena. Ukishafika hapo acha, kwa maana ukiendelea kupiga keki itakuwa ngumu. Oka kwa moto wa wastani, kama nyuzi 170, kwa muda wa nusu saa hivi. Kijiti kikitoka kikavu, imeiva.

Magadi soda yanayotajwa hapa ni yale ya pakiti ya unga laini, siyo magadi ya mawe ya kupikia maharage.

Sina mzani. Kikombe ni kipi?

Kikombe cha ukurasa huu ni robo lita, yaani mililita 250. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza, mimina nusu yake kwenye kikombe chako na utie alama. Kikombe hicho cha unga uliochotwa kwa kijiko bila kushindiliwa kina gramu kama 125, cha sukari kama 200, na cha asali kama 350. Hapo utaona kwa nini asali haipimwi kwa macho: ni nzito karibu mara tatu ya unga.

Majarini ya kopo hupimwa kwa kijiko cha mezani kilichosawazishwa, ambacho huwa na gramu 14 hivi.

## Moto na vyombo

Sina oveni. Naweza kweli kuoka kwa mkaa?

Unaweza, na keki nyingi za mjini hapa huokwa hivyo hivyo. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa. Tandaza ndani yake mchanga mkavu na safi wa unene wa vidole viwili, funika, na upashe moto kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuweka keki. Chombo chenye keki kikae juu ya mchanga bila kugusa kuta za sufuria. Kisha weka makaa juu ya mfuniko.

Kosa la kawaida ni kuweka makaa mengi chini. Gawa makaa yako mafungu matatu: fungu moja libaki chini, mawili yaende juu. Moto wa chini tayari una mchanga uliohifadhi joto, wa juu unapigana na upepo. Unapofunua, inua mfuniko wima kwanza, ndipo uusogeze pembeni; ukiuinamisha tu, jivu humwagika katikati ya keki, na jivu halifutiki kwenye unga mbichi.

Okea nje au mahali penye hewa ya kutosha. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hufa kwa hilo. Mvua ikinyesha, baraza inatosha.

Trei ya mstatili haiingii kwenye sufuria yangu.

Tumia chombo cha duara. Sufuria ya kipenyo cha sentimita 28 huchukua kipimo kilekile cha trei ya 20 kwa 30. Kata miraba katikati, na yale mapande ya pembeni yenye mviringo yabaki nyumbani. Watoto hawajawahi kulalamikia umbo.

Nitajuaje moto umefika?

Nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiingize ndani na ufunike. Baada ya dakika tano angalia. Unga ukiwa na rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani na unafaa kwa karibu kila kitu kilichotajwa hapa. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa wa kahawia iliyoiva sana au umeanza kuungua, punguza na usubiri.

Chini imeungua, katikati ni mbichi. Nini kimetokea?

Karibu kila mara ni moto wa chini, au mchanga mchache (soma jibu la kuoka kwa mkaa). Kama mchanga ni wa kutosha na bado inatokea, tazama unene: uji wa keki ukizidi sentimita tatu kwenye chombo, gawa mara mbili. Na kama umetumia asali bila kupunguza moto, soma jibu la kubadilisha sukari kwa asali.

Naoka kwa oveni ya umeme, na umeme umekatika keki ikiwa ndani.

Usifungue mlango. Oveni iliyokwisha kupata moto huhifadhi joto kwa muda mzuri. Kama zaidi ya nusu ya muda ilikuwa imepita, iache dakika 20 hadi 25 kisha ipime kwa kijiti. Mara nyingi utakuta imeiva. Kama ilikuwa imeingia sasa hivi tu, washa mkaa na uihamishe mapema, maana beking pauda huanza kazi mara inapolowana na haisubiri umeme urudi.

Biskuti ya trei haina shida hiyo. Isubirishe tu.

Karatasi ya kuokea sina. Naweza kutumia gazeti?

Hapana, wino wa gazeti haufai kugusana na chakula, tena chenye mafuta na moto. Paka chombo majarini, nyunyiza unga, kigeuze na ukigonge unga wa ziada utoke. Kwa kashata paka mafuta peke yake.

## Asali, karanga, mafuta na maembe

Naweza kubadilisha sukari kwa asali kwenye pishi lolote?

Kwa keki, ndiyo. Kwa biskuti, kwa sehemu tu. Kwa kashata, kidogo sana.

Kwa kila kikombe cha sukari weka robo tatu ya kikombe cha asali, kwa kuwa asali ni tamu zaidi. Punguza maji au maziwa ya pishi kwa vijiko vitatu vya mezani. Ongeza robo kijiko cha chai cha magadi soda, kwa sababu asali ina uchachu na magadi huutuliza huku yakisaidia keki kuumuka. Punguza moto kwa nyuzi kama 15, kwani asali hubadilika rangi haraka kuliko sukari. Ukisahau hili utapata keki nyeusi juu ambayo bado haijaiva ndani.

Asali huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana keki ya asali hukaa laini siku nyingi, na ndiyo maana pia biskuti ya asali hulegea na kupoteza ule mvunjiko wake. Ukitaka biskuti yenye ladha ya asali, weka sukari kama kawaida na uongeze vijiko viwili tu vya asali.

Kingine cha kuangalia ni moshi. Asali ya misitu ya miombo iliyorinwa kwa moto mwingi hubeba harufu ya moshi, na harufu hiyo haitoki kwa kuoka. Ionje kwanza. Asali ya moshi ifae kwenye chai ya tangawizi. Kwenye keki ya wageni weka ile safi.

Asali yangu imeganda. Imeharibika, au imechanganywa na sukari?

Kuganda ni tabia ya asali halisi. Sukari iliyomo ndani yake hujitenga na kufanya chenga, hasa kukiwa na baridi. Weka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto uliyoipua jikoni, mpaka ilainike. Usiichemshe.

Zile njia za kupima asali kwa kiberiti, kwa kuidondosha majini au kwa kuimwaga mchangani hazithibitishi kitu. Nunua kwa mtu unayemjua na unayeweza kumrudia.

Asali ya nyuki wadogo inafaa kuokea?

Ibakize. Ni nyepesi, ina maji mengi na uchachu zaidi, na bei yake ni kubwa. Ukiipika, ule uchachu wake mzuri unapotea. Ukitaka wageni waionje, idondoshee juu ya vipande vilivyokwisha poa, dakika ya kuvipeleka mezani.

Karanga zichaguliwe vipi?

Hapa naomba usione uvivu. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, sumu inayodhuru ini. Kukaanga hakuiondoi. Kuoka hakuiondoi. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuchambua, na ifanyike mchana penye mwanga: mwaga karanga kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zenye rangi tofauti, zilizotobolewa na wadudu na zenye dalili yoyote ya ukungu. Kaanga, pukuta maganda, kisha chambua mara ya pili, maana ukishatoa ganda utaona weusi uliokuwa umejificha. Karanga chungu mdomoni itemwe, na fungu lililotoka lichambuliwe upya.

Usinunue karanga zilizokwisha sagwa kwa ajili ya kugawia watu. Huwezi kuchambua usichokiona.

Mawese ya Kigoma yanaweza kushika nafasi ya majarini?

Kwa keki yenye viungo vingi, yaani tangawizi, mdalasini na asali, unaweza kuweka mawese robo ya mafuta yote. Utapata rangi ya dhahabu ya kupendeza na ladha ambayo watu wa Kigoma wataitambua mara moja. Zaidi ya hapo mawese hutawala kila kitu. Kwenye biskuti ya trei usiyatumie. Ladha yake haina pa kujificha.

Maembe ni mengi mpaka yanaoza. Yaingie wapi?

Juu ya biskuti ya trei. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, na kwa mji wenye miembe ya tangu enzi za misafara ni haki yetu.

Chini: unga vikombe 2, majarini gramu 165, sukari chini kidogo ya nusu kikombe. Sugua kwa vidole mpaka iwe chengachenga, shindilia kwenye trei, oka dakika 15 hadi 20 mpaka kingo ziwe za dhahabu. Juu: rojo la maembe kikombe 1½, mayai 3, sukari nusu kikombe, unga vijiko 3 vya mezani, maji ya ndimu 2. Piga pamoja, mimina juu ya biskuti ikiwa bado ya moto, rudisha kwenye moto kwa dakika 20 hadi 25. Ukitikisa trei, katikati pasichezecheze.

Maembe ya kienyeji yana nyuzi nyingi. Lisukume rojo kwenye chujio kwa kijiko, na utaona nyuzi zinabaki zimejikunja juu ya wavu. Zikiingia kwenye keki, kisu hakitakata, kitavuta. Ndimu usiiruke, kwa kuwa embe lililopikwa bila uchachu linakuwa na utamu mzito unaochosha.

## Kashata

Kwa nini kashata zangu hazigandi, au zinakuwa ngumu kama jiwe?

Ni shira. Ukiipua mapema inabaki na maji mengi, kashata zinalegea. Ukichelewa zinakuwa za kuvunja meno.

Kipimo cha kuaminika ni bakuli la maji baridi. Dondosha tone la shira ndani, likusanye kwa vidole. Likitawanyika, endelea kupika. Likiwa kidonge laini kinachobonyea, hapo ndipo pa kashata laini za nazi. Likiwa kidonge kigumu kinachoshikilia umbo lake lakini bado kinabonyea ukikikaza, mimina karanga. Likikatika kwa mlio, umefika kwenye peremende.

Kama una kipimajoto cha jikoni, fahamu kwamba namba za mapishi ya pwani hazitakuwa sawa huku. Tabora iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Pishi likisema nyuzi 120, wewe ipua kwenye 116. Bakuli la maji halihitaji hesabu hiyo.

Vipimo: karanga zilizokaangwa vikombe 2, sukari kikombe 1, maji robo kikombe, iliki. Karanga ziwe za moto unapozitia, zisije zikagandisha shira kabla hujatandaza.

Shira inarudi kuwa sukari ya chengachenga.

Tia maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, au asali kijiko kimoja cha mezani, sukari ikiwa bado inayeyuka. Ikishachemka usiikoroge tena, na futa punje za sukari zilizoganda kwenye kuta za sufuria kwa kitambaa kibichi.

Na nazi?

Huku nazi hufika kwa safari, kwa hiyo inunuliwe ikitikiswa na kusikika maji. Nazi ikinuka uvundo hata kidogo, tupa. Kashata za nazi mbichi ziliwe ndani ya siku mbili au tatu.

## Kukata, kufunga na kupeleka

Nikate lini?

Keki: ikipoa kabisa, na kama ni ya asali, kesho yake. Biskuti ya trei isiyo na kitu juu: ingali ya moto, dakika tano baada ya kutoka, kwa sababu ikipoa itavunjika ovyo. Yenye maembe juu: ikipoa kabisa, kwa kisu kinachofutwa kila mkato. Kashata: zikiwa vuguvugu, zinashika alama ya kidole lakini hazinati.

Trei moja inatoa vipande vingapi?

Trei ya sentimita 20 kwa 30 ikikatwa kwa sentimita 5 kila upande inatoa vipande 24. Kwa kashata kata vidogo zaidi, sentimita 3 au 4, maana ni tamu sana. Pima kwa rula na utie alama kwenye kingo kabla ya kukata. Watoto wa darasa moja huona tofauti ambayo mtu mzima haioni, na aliyepewa kidogo hukumbuka. Siku zote ongeza vipande vichache juu ya idadi ya watu. Kuna mgeni ambaye hukumhesabu.

Nataka kumtumia ndugu yangu Kigoma kwa treni. Nipeleke nini?

Kashata za karanga, au biskuti ya trei isiyo na kitu juu. Reli ya Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, na kifurushi kitakaa kwenye joto na mtikisiko kwa saa nyingi. Keki ya asali inafika salama ikifungwa vipande viwili viwili na kubanwa ndani ya kopo lisilo na nafasi ya kucheza. Vipande vya maembe visisafiri kabisa. Mayai na rojo havivumilii joto hilo.

Usifunge kitu kikiwa na joto. Mvuke utalowesha kila kitu, na ukungu huanzia hapo.

Vinakaa siku ngapi?

Kwenye chombo kilichofungwa vizuri: keki ya asali siku 4 hadi 5, biskuti wiki moja hadi mbili, kashata za karanga wiki kadhaa wakati wa kiangazi. Masika kashata hunata kwa unyevu, basi tenganisha kila tabaka kwa karatasi. Vipande vya maembe viliwe siku ileile, au kwenye friji siku 2.

Jirani zangu ni wa dini tofauti. Kuna cha kuangalia?

Vanila ya maji. Nyingi hutengenezwa kwa pombe, kwa hiyo soma lebo, au tumia vanila ya unga, au iliki, ambayo hakuna anayeikataa. Wakati wa Ramadhani peleka kabla ya magharibi ili iwahi futari. Penye msiba peleka kitu kisicho na mbwembwe, kama keki ya asali iliyokwisha katwa, uwakabidhi wanaohudumia jikoni, siyo wafiwa.

## Mambo ya uangalifu

Mtoto wa miezi minane anaweza kuonja keki ya asali?

Hapana. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata iliyookwa. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazozaa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga, na moto wa kuoka hauziui. Ukigawa, mwambie mama mwenye mtoto mdogo kwa mdomo wako: "Hii ina asali, mama, mdogo asionje."

Na mwenye mzio wa karanga?

Kumwondolea karanga kwenye kipande chake hakutoshi. Kisu kilichokata kashata, ungo, hata mafuta yaliyokaangia, vyote hubeba. Kama kwenye darasa au kwaya yupo mmoja, siku hiyo usioke kitu cha karanga kabisa. Mtu akivimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kula, apelekwe hospitali papo hapo.

Mwenye kisukari anaruhusiwa vya asali?

Asali ni sukari, na hupandisha sukari ya damu. Isemwe wazi. Mkatie kipande kidogo akikitaka, aamue mwenyewe kwa ushauri wa daktari wake, na pembeni weka karanga za kukaanga au tunda.

Naweza kuoka bila mayai?

Biskuti ya trei isiyo na maembe juu na kashata hazina mayai tangu mwanzo. Kwa keki ya trei, badala ya kila yai weka robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa au mtindi. Itaumuka kidogo na kuwa nzito zaidi. Iache ipoe kabisa kabla ya kuikata.

Vimevunjika njiani au wakati wa kukata. Nifanye nini na makombo?

Makombo ya biskuti au keki kavu vikombe 2, changanya na majarini iliyoyeyushwa vijiko 4 vya mezani na asali vijiko 2. Shindilia kwenye chombo kidogo kilichopakwa mafuta, weka kitu kizito juu mpaka ishikane, kisha kata. Kama biskuti ilikuwa na karanga, kumbuka kwamba na hivi sasa vina karanga.